Spiriti Haizuii Kidonda

Swali ni lilelile, na huulizwa kila jioni ya kuona wagonjwa katika wodi za mifupa, ziwe za Dar es Salaam, Mwanza au Mombasa: "Sista, nimpake nini hapa kiunoni?" Mwulizaji mara nyingi ni mke, mara nyingine mume. Mkononi ana mfuko wenye chupa ya spiriti, kopo la poda ya watoto, na kitu cha tatu alichoelekezwa na jirani. Nesi wa zamu, ambaye asubuhi alishalijibu kwa kitanda cha dirishani, huvuta pumzi kwanza.

"Usimpake kitu. Mgeuze."

Jibu hilo halimridhishi mtu. Aliyepanda daladala mbili na kuacha watoto kwa wifi yake anataka kurudi nyumbani akijua amefanya jambo, na kupaka kunaonekana ni jambo. Kugeuza hakuna chupa wala risiti. Basi spiriti inaendelea kununuliwa, na mgonjwa aliyeingia na paja lililovunjika kwa ajali ya bodaboda anaweza kutoka mfupa umeunga vizuri, huku juu ya makalio ana shimo la kuingia ngumi.

Kidonda cha kitandani hakianzii kwenye ngozi. Mtu akilala chali bila kujisogeza, mfupa wa chini ya kiuno huibana nyama iliyo kati yake na godoro. Vimishipa vidogo vya damu hufunga kama mpira wa maji uliokanyagwa, na nyama ya ndani, iliyo jirani na mfupa, mara nyingi ndiyo inayotangulia kufa. Mwenye afya hujigeuza usingizini bila kujua. Aliyepooza, aliyepigwa na kiharusi, au aliyefungiwa uzito mguuni kwa wiki 6 hadi 12 ili paja liunge, hawezi. Siku ngozi inapochubuka na familia kuanza kutafuta dawa, uharibifu wa chini huenda una siku kadhaa.

Sasa hiyo spiriti inafanya nini? Waipendao husema inakomaza ngozi, na kwamba kusugua kunachangamsha damu. Spiriti haikomazi chochote. Inaondoa mafuta ya ngozi na kuiacha kavu, na ngozi kavu hupasuka upesi. Kusugua kwa nguvu mahali palipokwisha kuanza kuharibika ni kumalizia vimishipa vilivyokuwa bado vinajikongoja. Miongozo ya kimataifa ya vidonda hivi imekataa jambo hilo waziwazi. Poda nayo, ikikutana na jasho, hugeuka madonge yanayokwaruza. Balaa ni kwamba ushauri huu haukuzaliwa kijiweni. Vizazi vya wauguzi, Uingereza na kwingineko, vilifundishwa darasani kusugua migongo ya wagonjwa kwa sabuni, spiriti na poda. Shangazi aliyestaafu unesi anaposisitiza hivyo hasemi uongo, anasema alichofundishwa. Mafunzo yalibadilika, shangazi hakuarifiwa.

Ndugu zake spiriti ni wengi. Kuna khanga iliyosokotwa ikawa mduara kama kata ya kubebea ndoo, ikawekwa chini ya makalio ili kidonda kikae katikati bila kuguswa. Kwa macho inapendeza. Kwa damu ni msiba, kwa sababu mduara wote unabana, na kile kilichomo katikati kinavimba na kunyimwa damu kutoka pande zote. Mpira wa kukalia wenye tundu ni kosa hilohilo la dukani. Glovu zilizojazwa maji na kuwekwa chini ya visigino zinaonekana za kitaalamu mno, lakini hazipunguzi mgandamizo wa maana na hukimbia kila mguu ukitikisika. Halafu kuna kapsuli ya antibayotiki inayopasuliwa na unga wake kunyunyizwa kidondani: haifiki kwenye nyama iliyooza chini, inafanya gamba juu, na inawapa vijidudu nafasi ya kuizoea dawa. Asali ina utafiti wake katika tiba ya vidonda, hilo halipingwi, ila asali juu ya kidonda ambacho bado kinalaliwa ni kuharibu asali.

Imani iliyo mbaya kuliko zote haina hata chupa. Inasema: aliyepooza lazima atoke vidonda, ndivyo ugonjwa ulivyo.

Imani hii iliwahi kuwa na mtetezi mkubwa. Jean-Martin Charcot, daktari maarufu wa mishipa ya fahamu wa Paris katika karne ya 19, alishikilia kuwa vidonda vya namna hii huletwa na kuharibika kwa mishipa yenyewe ya fahamu na ni dalili kuwa kifo kinakaribia. Charles-Édouard Brown-Séquard, mzaliwa wa Mauritius, alikuwa amekwisha kuonyesha kinyume chake katika miaka ya 1850 kwa wanyama wa maabara waliokatwa uti wa mgongo: wakikingwa na mgandamizo na unyevu, hawatoki vidonda. Neno la Charcot ndilo lililosikika zaidi, na wagonjwa wakaendelea kuachwa walale.

Aliyeyavunja mazoea hayo hakuwa na dawa mpya. Ludwig Guttmann, daktari Myahudi aliyeikimbia Ujerumani ya Wanazi mwaka 1939, alipewa wodi ya majeruhi wa uti wa mgongo huko Stoke Mandeville, Uingereza, iliyofunguliwa Februari 1944. Kabla ya hapo majeruhi wa aina hiyo kwa kawaida walisubiriwa wafe kwa usaha wa vidonda na maambukizi ya mkojo. Guttmann aliamuru wageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, kwa mikono ya watu, na alikuwa akizuka wodini usiku kuhakikisha. Wagonjwa wakaishi. Mwaka 1948 baadhi yao walikuwa wanashindana kurusha mishale katika viwanja vya hospitali, mashindano yaliyokuja kuzaa Paralimpiki.

Wapo wanaodhani kidonda cha kitandani ni tatizo la wodi za kimaskini. Christopher Reeve, mwigizaji wa Superman, alianguka kutoka kwenye farasi Mei 1995 na kupooza kuanzia shingoni. Alikuwa na wauguzi, vifaa na mke, Dana, aliyemsimamia kwa miaka yote tisa iliyofuata. Alipofariki Oktoba 2004 alikuwa anatibiwa kidonda cha mgandamizo ambacho maambukizi yake yalikuwa yameenea mwilini. Kidonda hiki hakiheshimu akaunti ya benki.

Kuna linalofaa kusemwa kuhusu zile saa mbili. Utafiti uliotangazwa mwaka 2013, uliofanyika katika nyumba za wazee Marekani na Kanada, haukuona tofauti kati ya kugeuza kila saa mbili, tatu au nne. Lakini wazee wale walilala juu ya magodoro mazuri ya sponji nzito. Godoro la wodi lililobonyea katikati mpaka mkono unagusa chuma si godoro la utafiti ule, kwa hiyo saa mbili zibaki palepale.

Kuna jambo jingine ambalo familia hukosea bila kosa lao. Vitabu vingi vimeandikwa kwa kuangalia ngozi nyeupe, na vyote vinasema: tafuta wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo unaweza usionekane kabisa. Kinachoonekana ni doa lililoiva kuliko ngozi ya jirani yake, jeusi zaidi au lenye rangi ya zambarau, hasa likitazamwa kwenye mwanga wa dirisha badala ya taa ya wodi. Mkono huona kabla ya jicho. Mgongo wa vidole ukipitishwa hapo hukuta joto lisilo la kawaida, au ubaridi, au ugumu kama wa embe bichi, au ulegevu wa embe lililoiva kupita kiasi. Mgonjwa mwenye hisia atasema panauma. Hapo ndipo pa kuacha kulaliwa kabisa, saa hiyohiyo.

Na anayeweza kuangalia hapo ni nani? Jioni ya wageni kitanda huzungukwa na watu wanane wenye chupa za chai na hotipoti, na hakuna hata mmoja anayeweza kufunua shuka. Mama mkwe hawezi. Shemeji hawezi. Mwanaume hataki dada zake wamwone, na binti atageuza uso kwa heshima. Anabaki mume au mke. Ajabu ni kwamba huyohuyo ndiye anayelemewa na kazi ambazo yeyote angeweza kuzifanya: kufua, kupika uji, kufuatilia bima, kujibu simu za ukoo mzima. Wageni wapewe hizo. Mwenzi abaki na mwili wa mwenzake.

Haya mengine ni ya kufanywa, bila ngonjera. Ratiba ya kugeuza iandikwe kwenye karatasi na kubandikwa ukutani: saa mbili asubuhi chali, saa nne kushoto, saa sita mchana kulia, na kuendelea, usiku ukiwemo. Inchaji wa wodi aulizwe mapema kama kibali cha kulala kinapatikana, na kama wodi ya wanaume hairuhusu wanawake usiku, kaka wa mgonjwa ashike zamu. Ubavu uwe wa nusu, mto nyuma ya mgongo, mwinamo wa nyuzi 30 hivi, ili nyonga isibebe uzito wote. Mto mwingine uwe chini ya vigimbi, visigino vielee. Mgonjwa anyanyuliwe na watu wawili kwa shuka au khanga iliyokunjwa. Kumburuta kunachuna ngozi. Mwenye uzito mguuni, au aliyeumia uti wa mgongo ambao haujatulia, hageuzwi kienyeji: nesi aonyeshe kwanza. Kwa kawaida mwenye uzito hujiinua kiuno kwa kishikio cha juu ya kitanda, mara nyingi, hata wakati wa kuzungumza na wageni. Kichwa cha kitanda kipandishwe wakati wa kula, kisha kishushwe taratibu, maana aliyeegemea muda mrefu huteleza. Pampasi ikilowa ibadilishwe papo hapo, ngozi ikaushwe kwa kugusagusa, na mafuta ya mgando yanatosha. Soda na biskuti zipungue. Mayai, maharage, dagaa na maziwa viongezeke, isipokuwa mwenye ugonjwa wa figo, ambaye daktari aulizwe. Harufu, usaha, homa au gamba jeusi: daktari, siku hiyohiyo.

Mwenye ajira Tanzania azungumze na mwajiri mapema. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, ilivyotungwa mwaka 2004, ilitoa likizo ya malipo ya siku nne mtoto akiugua, na vilevile mume au mke akifa. Mume au mke akiugua tu haikumtaja, kwa hiyo wengi huishia kukata likizo yao ya mwaka au kuomba ruhusa bila malipo.

Mgonjwa na mwenzi wake wakienda nyumbani na kiti cha magurudumu, hesabu inaanza upya, kwa sababu mtu aliyeketi hukandamiza mifupa miwili midogo ya makalio kwa uzito mkubwa kuliko aliyelala. Kila nusu saa ajiinue kwa mikono, au ainamishwe mbele na upande kwa dakika mbili tatu, na jioni mwenzi ashike kioo kidogo ili mgonjwa mwenyewe ajifunze kujikagua.