Nyama na Maharage

Leo tunajibu swali hili: Je, nyumba isiyopika nyama itakosa afya?

Chakula kinachojenga mwili huitwa protini. Nyama inayo, na maharage yanayo. Gramu 100 za maharage makavu zina protini gramu 20 hivi, karibu sawa na nyama mbichi ya ng'ombe. Yaleni kwa ugali, kwa maana protini ya mahindi ina upungufu, na maharage huujaza.

Tena damu yahitaji madini ya chuma. Chuma cha nyama huingia mwilini kwa urahisi. Cha maharage na mchicha huingia kidogo. Kamulieni limau, au kuleni chungwa pamoja na chakula, nacho kitaingia zaidi. Chai huzuia chuma, inyweni baadaye.

Je, nyama nyingi ni bora? Hapana. Mwaka 2015 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walieleza kwamba nyama zilizosindikwa, kama soseji, huleta saratani ya utumbo mpana.

Lakini angalieni: vitamini B12, inayosaidia kutengeneza damu, haipatikani katika maharage wala mboga. Kwa hiyo mama mjamzito na mtoto mdogo wasikose mayai, maziwa au dagaa.

Basi, msione haya kwa sufuria ya maharage.

Maswali:
1. Kwa nini tunakamulia maharage limau?
2. Asiyekula nyama atapata wapi vitamini B12?