MTU NI MALEZI: FUNZO KUTOKA MCHEZO WA NCHI ZA KUBUNIWA

Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Methali hii twaijua sote tangu tulipokuwa tukiota moto jikoni kwa mama zetu. Lakini ni wachache miongoni mwetu waliowahi kufikiri kwamba yaweza kuandikwa kuwa kanuni, ikatumika mezani kwa dadu, karatasi na penseli. Leo twapenda kuwasimulia ndugu zetu askari na polisi habari za mchezo uliofanya hivyo hasa, na kueleza kwa nini watuhusu sisi tunaovaa sare.

Chimbuko lake ni jeshini

Mwaka 1824 ofisa mmoja wa jeshi la Prusia, von Reisswitz, alitoa kanuni za mchezo wa vita kwa ajili ya kuwafunza maofisa wenzake. Vipande vidogo vilivyowakilisha vikosi vilisogezwa juu ya ramani, dadu zikatupwa, na mwamuzi akatangaza nani ameshinda na nani amepoteza watu. Michezo ya namna hiyo ilienea baadaye hata kwa raia. Ndipo mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walipotoa mchezo uitwao Dungeons & Dragons. Humo mchezaji haongozi tena kikosi kizima. Huvaa nafsi ya mtu mmoja tu wa kubuniwa, akampa jina, akasema kwa kinywa chake na kuamua kwa akili yake, huku mwamuzi akisimulia yanayompata njiani.

Katika ulimwengu huo wamo binadamu, na wamo viumbe wengine wa hadithi. Kanuni za awali ziliwapa viumbe hao vipawa vya kuzaliwa navyo. Vibete, kwa mfano, waligundua upesi njia za chini ya ardhi zinapoinama, na watu wa msituni wenye masikio marefu waliona milango ya siri kuliko wengine. Binadamu hakupewa kipawa chochote cha namna hiyo. Alichopewa ni jambo moja, ambalo kila askari atalielewa: viumbe wale waliwekewa mpaka katika kupanda ngazi, lakini yeye hakuwekewa.

Basi swali likazuka. Ikiwa binadamu wote huzaliwa sawa, ni kitu gani kimtofautishacho mtu wa nchi hii na wa nchi ile? Jibu ni malezi.

Nchi nne, watu wanne

Mwandishi wa Kanada, Ed Greenwood, alianza kubuni ulimwengu wake angali mtoto, katika miaka ya 1960. Ulimwengu huo, wenye bara liitwalo Faerûn, ulitolewa kuwa uwanja wa mchezo huu mwaka 1987. Kitabu chake cha mwaka 2001 kiliweka kanuni kwamba mchezaji achague nchi aliyolelewa mtu wake. Nchi hiyo ndiyo iliyoamua lugha anazozijua, vifaa anavyoweza kuanza navyo, na aina za umahiri zilizo wazi kwake.

Tuzitazame nchi nne. Sembia ni nchi ya wafanyabiashara. Mtoto wa huko hukua akisikia bei zikitajwa, hivyo aweza kuwa na umahiri wa kukadiria thamani ya kitu na wa kuficha nia yake wakati wa kupatana. Dalelands ni mabonde ya wakulima yasiyo na jeshi kubwa. Wenyeji hujilinda wenyewe, na umahiri mmojawapo wa kijana wa huko ni ule wa mgambo. Cormyr ni ufalme wenye jeshi la kudumu na sheria kali. Mpita njia hulazimika kuifunga silaha yake kwa kamba ya amani, na kundi la wasaka bahati halina budi kuwa na hati ya mfalme. Na Rashemen ni nchi ya baridi, yenye mashujaa wakali, inayoongozwa na wanawake wachawi wavaao vinyago. Kijana wa huko hutumwa safari ya mbali kabla ya kuhesabiwa mtu mzima.

Sasa tuwaweke watu hawa wanne mbele ya lango la mji, na mlinzi awaamuru wafunge panga zao. Wa Cormyr atafunga bila neno, kwani kwake kamba ile ni alama ya usalama. Wa Dalelands atasita, maana kwao asiyejilinda hana wa kumlinda. Wa Sembia atauliza ushuru ni kiasi gani. Wa Rashemen, aliyemkabili mlinzi kwa macho makavu, atanyamaza na kuinamisha kichwa iwapo mwanamke mzee atatokea na kusema. Hakuna mwoga kati yao, wala mjinga. Kila mmoja amejibu kwa desturi ya kwao.

Hatari ya kanuni hii

Hata hivyo, mchezaji mvivu huiharibu kanuni hii njema. Kila Mrashemi kwake ni mwenye hasira, na kila Msembia ni laghai. Kanuni zenyewe hazisemi hivyo. Nchi humfungulia mtu milango kadhaa, lakini haimsukumi kupita. Vijana wawili wa kijiji kimoja waweza kuchagua umahiri tofauti kabisa. Tena kanuni mpya za mwaka 2024 ziliziondoa nyongeza za nguvu, wepesi na akili kutoka katika jamii aliyozaliwa mtu, zikazifungamanisha na maisha na kazi yake kabla ya kuanza safari. Imechukua miaka 50 mchezo huo kuiacha damu na kuyashika malezi.

Kosa tulilolifanya

Tulipozisoma kanuni hizi tulikumbuka siku zetu za ukadeti. Tulikuwa tumekabidhiwa uongozi wa sekshini katika zoezi la kuvuka mto kwa kamba. Mwenzetu mmoja, aliyelelewa katika nyanda kavu za wafugaji, alisimama ukingoni akashindwa kuingia majini. Sisi tuliokulia kando ya ziwa tulicheka. Jioni, katika taarifa ya zoezi, tuliandika juu yake neno moja: mwoga.

Siku tatu baadaye, katika zoezi la usiku, dira yetu ilivunjika. Tulizunguka porini hadi tukakiri kwamba tumepotea. Kadeti yule akatazama nyota, akainama na kupapasa nyayo za ng'ombe, akasema ng'ombe hawa walikuwa wakirudi nyumbani, na penye nyumba pana njia. Kabla ya alfajiri tulikuwa barabarani. Hakuna aliyecheka. Lakini taarifa ilikuwa imekwisha kupelekwa juu, nasi tuliona haya kuomba irudishwe.

Ndugu askari, na wewe ndugu polisi, huenda kesho ukapangiwa kituo cha mbali na kwenu, au ukapokea kuruta kutoka mkoa usioujua. Muulize amelelewa wapi na amefunzwa nini huko, ndipo umpangie kazi. Asiyejua kuogelea afundishwe kuogelea, na ajuaye njia ya usiku atangulizwe mbele. Usiridhike na jina la mkoa wake, maana humo wametoka hodari na wazembe, kama kwenu.

Nasi, tukijaliwa kukutana tena na mwenzetu yule, tunalo neno la kumwomba radhi, ambalo tumechelewa mno kulisema.