Nota za Solfa: Hatua ya Kwanza kwa Mwanakwaya

Katika parokia nyingi, wanakwaya hujifunza wimbo kwa kumsikiliza mwalimu na kuurudia hadi wauzoee. Njia hiyo ina faida zake. Lakini mwalimu asipokuwepo, wimbo mpya hauanzi. Ugumu huo si wa leo.

Katika karne ya 11, Guido wa Arezzo, mmonaki Mbenediktini wa Italia, aliona jinsi waimbaji walivyotumia miaka mingi kukariri nyimbo za liturujia. Alichukua utenzi wa Kilatini wa Mtakatifu Yohane Mbatizaji, Ut queant laxis, ambao vifungu vyake sita vya kwanza huanza kila kimoja kwa sauti ya juu kuliko kilichotangulia. Silabi za mwanzo za vifungu hivyo zikawa majina ya sauti: ut, re, mi, fa, sol, la. Baadaye ut ikawa do, na ti ikaongezwa. Papa Yohane XIX alimwita Roma ili aione njia yake ya kufundisha.

Sauti hizo saba, pamoja na do ya juu, huunda ngazi ya muziki. Vidato vyake havilingani: kutoka mi hadi fa, na kutoka ti hadi do, ni nusu toni; kwingine kote ni toni nzima. Mwanafunzi azingatie hapo, kwani fa ikipandishwa kupita kiasi, wimbo hupoteza ulinganifu wake.

Katika karatasi za kwaya zetu, sauti huandikwa kwa herufi d, r, m, f, s, l, t. Maneno “Doh ni G” hutaja ufunguo, yaani mahali do inapoanzia. Mstari wima huonyesha mwanzo wa kipimo. Nukta pacha hutenganisha mapigo. Kistari humtaka mwimbaji aendelee kuishikilia sauti. Alama ndogo juu ya herufi huipeleka oktava ya juu, na chini yake huishusha. Mistari minne ni ya soprano, alto, teno na besi.

Anza na wimbo unaoufahamu: imba nota zake kwanza, kisha maneno. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Sacrosanctum Concilium (1963), unafundisha kwamba lengo la muziki mtakatifu ni utukufu wa Mungu na kutakatifuzwa kwa waamini. Mwanakwaya asomaye nota hamalizi jioni nzima akitafuta sauti; hubaki na nafasi ya kuyatafakari maneno anayoyaimba.