Najifunza Kidenmaki kwa simu

Mjukuu wangu yuko Aarhus, Denmark. Kiswahili anakielewa, lakini hunijibu Kidenmaki. Nilichoka kutabasamu tu mbele ya simu, nikatiwa programu ya kufundisha lugha. Kila siku robo saa, baada ya alfajiri.

Sarufi si nzito. Kitenzi hakigeuki: mimi nala ni "jeg spiser", wewe wala ni "du spiser". Neno lile lile.

Kazi iko masikioni. Herufi huandikwa nyingi, nusu yake humezwa. "Hun" ni yeye, mwanamke. "Hund" ni mbwa. Hiyo d haitamkwi. Kinachotenganisha ni mkato mdogo kooni, mfano wa hamza kwa waliosoma chuoni. Kwenye programu nilikuwa nikigusa picha ya mbwa na kupata alama zote. Siku niliyomuuliza mjukuu habari za mamake, kumbe nimemwita mbwa! Alicheka mpaka akaangusha simu. Programu ilinipima macho, ulimi haikuusikiza.

Saa nazo zina mtego. "Halv tre" si saa tatu na nusu, ni nusu ya kuiendea tatu, yaani 2:30, ambayo kwetu ni saa nane na nusu. Binti yangu aliniambia nipige "halv tre" ya kwao, nikachelewa saa nzima. Mtoto ameshatoka.

Sasa kila neno jipya nalisema kwa sauti, najirekodi, namtumia mjukuu. Yeye hunisahihisha bila huruma. Jana nilirudia "hun" mara sita ndipo akakubali.