Namba Tisa Baada ya Mayele

Prince Dube hakuwa mgeni wa kutambulishwa. Yanga ilipomvisha jezi ya kijani na njano Julai 2024, mshambuliaji huyo wa Zimbabwe alikuwa ameshakaa Azam FC karibu miaka minne, na watu wa Jangwani, yaani mashabiki wa Yanga, walimjua kwa maumivu. Aprili 25, 2021, zikiwa zimebaki dakika chache mpira uishe, ndiye aliyefunga bao pekee lililoizamisha Yanga mbele ya Azam. Simba nao walikuwa na kovu lao: Mei 2023 mjini Mtwara, katika nusu fainali ya Kombe la Shirikisho la Tanzania, bao lake liliwatoa kwa kipigo cha 2-1.

Usajili wenyewe ulikuja na vumbi. Machi 2024 Dube aliomba kuondoka Azam, klabu ikasema mkataba bado, na mvutano ukafika hadi kwenye shirikisho la soka, TFF. Miezi minne baadaye akatua Jangwani, na ubishi ukahama ofisini ukaingia vijiweni.

Kwenye kahawa za Kariakoo, kwenye daladala na redioni asubuhi, hoja zilijigawa mapema. Upande mmoja ulisema straika anayewafunga Simba na Yanga hafundishwi ligi. Anaijua mikoa, anayajua mabeki, anajua kiwanja kipi mpira hautambai. Upande wa pili ulikumbusha majeraha yaliyomweka nje mara kwa mara akiwa Azam, ukauliza kama klabu imenunua mabao au imenunua jina. Wa tatu, ambao kwa kawaida ni watu wa Simba waliosogea karibu na meza isiyo yao, walingoja tu mechi ya kwanza atakayokosa bao.

Ila kila upande ulikuwa ukimpima Dube kwa kipimo ambacho hakikuwa chake. Kipimo kilikuwa Fiston Mayele.

Mayele alifika Yanga mwaka 2021 akitokea AS Vita ya Kinshasa. Septemba 25 mwaka huo, katika Ngao ya Jamii, aliifunga Simba bao pekee la mchezo, na ile staili yake ya kushangilia, kutetema, ikawa ngoma ya harusini, shuleni na hata bungeni kwenye utani. Msimu wa kwanza alifunga mabao 16 ya ligi, akapitwa kwa bao moja na George Mpole wa Geita Gold. Msimu wa pili alifikisha 17, sawa na Saidi Ntibazonkiza wa Simba. Barani alikuwa mfungaji bora wa Kombe la Shirikisho la CAF kwa mabao saba, Yanga ikifika fainali na kulikosa kombe kwa kanuni ya bao la ugenini: USM Alger walishinda 2-1 Dar es Salaam, Yanga ikashinda 1-0 Algiers. Baada ya hapo Mayele akauzwa Pyramids ya Misri.

Aliyeondoka namna hiyo huacha kiti kinachomuumiza kila anayekikalia. Hafiz Konkoni wa Ghana alikikalia kwanza; hakumaliza msimu. Dirisha dogo la Januari 2024 akaja Joseph Guede kutoka Ivory Coast. Guede aliifunga Simba kwenye dabi ya Aprili 20, Yanga ikashinda 2-1, na kwa shabiki wa Jangwani bao la dabi lina thamani ya mabao matano ya mkoani. Bado, msimu ulipoisha naye alipewa mkono wa kwaheri.

Jambo lililowasha ubishi zaidi ni kwamba msimu huo, pamoja na shida yote ya namba tisa, Yanga ilichukua ubingwa. Mfungaji bora wa ligi alikuwa kiungo wake, Stephane Aziz Ki, kwa mabao 21. Hapo kikazaliwa kikundi kipya cha wabishi: wanaosema straika wa jina ni anasa. Kwao, kiungo anayefunga, winga anayefunga na kijana Clement Mzize walitosha. Kwa nini basi nafasi ya mgeni iende kwa mtu mwingine wa mbele?

Swali hilo lina uzito kuliko linavyosikika. Kanuni ziliruhusu klabu ya Ligi Kuu kuwa na wachezaji 12 wa kigeni, kwa hiyo kila mgeni anayeingia huenda akawa amemfungia mwingine mlango. Wakongwe wa Simba wanalijua hili vizuri. Desemba 2014, wageni walioruhusiwa wakiwa watano tu, Simba ilimwacha Mrundi Amissi Tambwe, aliyekuwa mfungaji bora wa ligi msimu uliotangulia kwa mabao 19, ili wapate nafasi kina Dan Sserunkuma wa Uganda, straika aliyekuwa akiifungia Gor Mahia ya Kenya. Kwa hesabu ya majina haikuwa biashara mbaya.

Tambwe alivuka barabara, akaenda Yanga. Msimu wa 2015/16 alikuwa mfungaji bora tena, safari hii kwa mabao 21, na Simba walikuwa miongoni mwa walioumia. Sserunkuma hakudumu. Na Oktoba 1, 2016, Tambwe alipofunga dhidi ya Simba bao ambalo wapinzani walidai aliusindikiza mpira kwa mkono, baadhi ya mashabiki waling'oa viti vya Uwanja wa Taifa. Mechi ilikwisha 1-1, Shiza Kichuya akisawazisha kwa kona iliyoingia moja kwa moja. Kilichong'oa viti ni mkono ule. Lakini kwa watu wengi wa jukwaa jekundu, maumivu yalikuwa na umri wa karibu miaka miwili.

Ukitaka kuvuruga hoja ya yeyote kijiweni, mtajie Meddie Kagere. Naye alitoka Gor Mahia, barabara ileile ya Sserunkuma. Juni 2018 aliifunga Simba kwenye fainali ya SportPesa Super Cup mjini Nakuru, Gor ikashinda 2-0, na mwezi huohuo Simba ikamsajili. Alikuwa na miaka 31. Utani wa wapinzani ukawa juu ya umri. Akajibu kwa mabao 23 msimu wa kwanza na 22 msimu wa pili, Kiatu cha Dhahabu mara mbili mfululizo. Klabu ileile iliyouza, klabu ileile iliyonunua, na matokeo mbali kama Mtwara na Bukoba.

Kwa Dube, mambo yalianza kwa asali. Julai 28, 2024, alifungua mabao Bloemfontein pale Yanga ilipoichapa Kaizer Chiefs 4-0. Agosti aliifunga Azam, timu aliyotoka, kwenye fainali ya Ngao ya Jamii iliyokwisha 4-1, kisha akaifunga Vital'O ya Burundi katika Ligi ya Mabingwa. Ligi ilipoanza, nyavu zikamgomea. Septemba, Oktoba, Novemba. Neno likaanza kusikika: garasa, lile la kwenye karata, karata isiyo na pointi mkononi.

Waliotazama mpira kwa makini waliona sababu nyingine. Azam ilipokutana na vigogo, vigogo walipanda, na nyuma yao kukabaki uwanja wa kukimbilia; mabao mengi ya Dube yaliishi humo. Akiwa Yanga, karibu kila timu ya mkoani hujaza watu kumi nyuma ya mpira. Mkimbiaji anakosa pa kukimbilia. Anatakiwa agande katikati ya mabeki wawili, ageuke kwenye nafasi ya mkeka wa kusalia, apige kabla mguu wa tatu haujafika. Hiyo ni kazi nyingine, ingawa jina la nafasi ni lilelile.

Na timu yenyewe ilikuwa ikiyumba. Novemba 2 Azam walilipa kisasi kwa bao 1-0, siku tano baadaye Tabora United wakashinda 3-1, na kocha Miguel Gamondi akaondoka. Akaja Sead Ramovic. Desemba 14, mjini Lubumbashi, dakika za nyongeza zikihesabika, Dube akasawazisha dhidi ya TP Mazembe, 1-1. Siku tano mbele akaifunga Mashujaa mabao matatu peke yake katika ushindi wa 3-2. Waliosema garasa walibadili wimbo. Wengine walidai hawakuwahi kulitamka.

Alimaliza ligi na mabao 13, nyuma ya Mzize mwenye 14 na Jean Charles Ahoua wa Simba mwenye 16. Kwa straika aliyekaa miezi bila bao la ligi, ni hesabu ya heshima. Kwa anayemkumbuka Mayele, ni manne pungufu.

Mayele mwenyewe hakusaidia. Juni 1, 2025, jijini Cairo, alifunga kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa, Pyramids ikailaza Mamelodi Sundowns 2-1 na kutwaa kombe. Juni 25 ikaja zamu ya Dar es Salaam: Yanga iliifunga Simba 2-0 na kubeba ubingwa wa nne mfululizo. Wafungaji walikuwa Pacome Zouzoua na Clement Mzize, kiungo mmoja na kijana wa nyumbani. Kesho yake, kabla kahawa haijapoa, meza zilezile zilikuwa zimeshaanza kuulizana dirisha kubwa litaleta namba tisa gani.