Sheria inavyomlinda mgonjwa wa akili aliyefungiwa nyumbani

KATIKA mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kuanzia Kayole hadi Dandora, zipo familia zinazomfungia chumbani jamaa mwenye maradhi ya akili ili ziende kutafuta riziki. Wengi wao si wakatili; hawana pa kumpeleka. Je, ni nani mwenye jukumu la kumtazama mgonjwa huyo?

Sheria ya Afya ya Akili ya 1989 iliunda Bodi ya Afya ya Akili ya Kenya na kuipa kazi ya kukagua hospitali za wagonjwa wa akili. Mgonjwa au jamaa yake aliruhusiwa kuwasilisha malalamishi mbele ya bodi hiyo, lakini kuhusu matibabu ya hospitalini. Mgonjwa aliyeteswa au kutelekezwa nyumbani aliachiwa afisa wa polisi, aliyepewa uwezo wa kumchukua na kumfikisha hospitalini. Kwa mkazi wa Eastlands, hospitali yenyewe ilimaanisha Mathari, iliyoko kando ya barabara ya Thika tangu 1910. Ni ajabu kwamba mgonjwa asiye na hatia alihitaji polisi ndipo aonekane na daktari!

Mnamo Juni 21, 2022, Rais Uhuru Kenyatta alitia saini marekebisho yaliyotokana na mswada wa Seneta Maalum Sylvia Kasanga. Marekebisho hayo yanazitwika serikali za kaunti wajibu wa kutoa huduma za afya ya akili, na kuagiza kila kaunti iwe na baraza lake la kushughulikia suala hilo. Aidha, yanamhakikishia mgonjwa haki ya kushiriki katika mipango ya matibabu yake, kupata bima na kulindwa dhidi ya mateso. Kwa maneno mengine, mkazi wa Umoja ana haki ya kuidai huduma hiyo kutoka kwa kaunti yake, badala ya kungoja serikali kuu.

Hata hivyo, hofu ya polisi haikutoweka mara moja. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kiliendelea kumhesabu aliyejaribu kujitoa uhai kuwa mhalifu, na familia nyingi zikanyamaza. Mnamo Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba.