Mafuta ya Lorenzo na Kijana wa Komoro

Filamu nyingi zinazohusu mtoto anayekufa hututaka tulie tu. "Lorenzo's Oil", iliyotolewa mwaka 1992, inataka pia tufikiri. George Miller, Mwaustralia aliyeiongoza, alisomea udaktari kabla ya kuingia kwenye sinema, na ndiyo maana haogopi kumweka mtazamaji kitako na kumfundisha kemia.

Kisa chenyewe ni cha kweli. Augusto Odone, Mwitaliano aliyekuwa mchumi wa Benki ya Dunia, aliishi Komoro na mkewe Michaela na mtoto wao Lorenzo. Waliporejea Marekani, mtoto akaanza kubadilika: vurugu shuleni, kuanguka ovyo, masikio kuwa mazito. Mwaka 1984, kabla hajatimiza miaka sita, ikagundulika ana maradhi ya kurithi yaitwayo ALD. Madaktari wakampa kama miaka miwili.

Mwenye ALD hushindwa kuvunjavunja mafuta ya aina fulani, yale yenye minyororo mirefu. Mafuta hayo hurundikana, na ala inayofunika nyuzi za neva kwenye ubongo ikaharibika. Kasoro hii mwana wa kiume huipata kwa mama, na wavulana ndio inaowaangamiza. Kwa maoni yangu, drama yote imejengwa juu ya jambo hilo moja. Hakuna anayemnyooshea Michaela kidole, anajihukumu mwenyewe. Tukishalijua hilo, tunaelewa kwa nini anagombana na dada yake, kwa nini anamtimua muuguzi anayemwona Lorenzo kama hayupo tena, kwa nini hataki kupumzika. Mtoto hawezi kumeza hata mate, inabidi yanyonywe kwa mashine, na bado mama anamsomea hadithi. Susan Sarandon, anayemwigiza Michaela, hajali kama tutampenda mwanamke huyu. Anachotaka ni tumwelewe. (Lafudhi ya Kiitaliano ya Nick Nolte, anayemwigiza baba, inachosha sikio, lakini tuyaache hayo.)

Baba naye anakimbilia maktaba. Swali linalomsumbua ni kwa nini mtoto akinyimwa mafuta hayo kwenye chakula, kiwango chake katika damu hakishuki. Jibu ni kwamba mwili unayatengeneza wenyewe. Augusto anaunganisha vibanio vya karatasi kuwa minyororo, kisha anang'amua kwamba kimeng'enya kimoja ndicho kinachorefusha mafuta mabaya na yale yasiyo na madhara. Kikishughulishwa na haya ya pili, yale ya kwanza yatapungua. Hapo ndipo yalipotoka mafuta yenye jina la mtoto. Don Suddaby, mkemia Mwingereza aliyeyatayarisha, anajiigiza mwenyewe kwenye filamu.

Lakini swali gumu zaidi haliko maktaba. Je, wazazi hawa wanarefusha uhai au wanarefusha mateso? Filamu iko upande wao, ila hailikwepi swali. Anayelijibu vizuri kuliko wote, tena bila hotuba, ni Omouri, kijana wa Komoro aliyekuwa rafiki wa Lorenzo, anayeitwa avuke bahari aje kumtunza. Kwake Lorenzo ni mwenzake yule yule wa kisiwani. Laiti Miller angempa nafasi kubwa zaidi! Badala yake ametupa, mwanzoni kabisa, maneno yanayodaiwa kuwa ya wimbo wa wapiganaji wa Waswahili, yanayotaja miungu. Msomaji wa pwani atacheka kidogo, maana Uislamu una karne nyingi huku.

Kasoro kubwa iko mwishoni, pale wavulana wenye afya wanapopita mmoja baada ya mwingine wakisifu mafuta. Mtazamaji anaondoka akidhani dawa imepatikana. Utafiti uliofuata ulionyesha kwamba mafuta hayo huenda yakawasaidia wavulana ambao dalili bado hazijawaanza. Ubongo ulioharibika hayaurudishi. Kwa wavulana ambao uharibifu wa ubongo unagunduliwa ukiwa bado mwanzoni, matibabu yaliyozoeleka ni kupandikizwa uboho.

Michaela alifariki mwaka 2000 kwa saratani ya mapafu. Lorenzo aliyepewa miaka miwili alifariki tarehe 30 Mei 2008, siku moja baada ya kutimiza miaka 30, na baba yake akafuata mwaka 2013. Itazameni filamu hii, ila zile picha za mwisho msizichukue kama ushauri wa daktari.